Utani Niliopeleka Korea

Vijana wa karakana mmeniomba niandike juu ya miaka yangu kazini, hasa ile ya Korea, kwa kuwa nasikia baadhi yenu mnaweza kupelekwa huko kusimamia mabehewa mengine. Najua mnachotaka kusikia. Mnataka kujua posho ilikuwa kiasi gani, na kama ni kweli vyoo vya kule vinaongea. Vyoo vinaongea. Posho muulizeni mhasibu. Mimi nitaandika yale ambayo hayakuwemo kwenye semina ya maandalizi, na yakiwachosha, karatasi hizi zinafaa pia kufungia karanga.

Nilianza kazi Tabora nikiwa kijana mwenye shati moja la maana. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kondo, mkaguzi wa mabehewa, Mzaramo aliyeletwa na reli kutoka pwani, akaoa mtaa wa Ng'ambo na kuzeekea hapo hapo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni na kuniuliza kabila. Nikasema Mnyamwezi wa Ntalikwa. Akawageukia wenzake kwa furaha kubwa.

"Jamani, nimeletewa mpagazi wangu! Babu yake alimbebea babu yangu meno ya tembo kutoka hapa mpaka pwani, mawili akayaangusha Ugogo. Leo kaja kuyalipa."

"Aliyaangusha kwa sababu babu yako naye alikuwa juu ya mzigo, amelala," nikamjibu.

Karakana nzima ikacheka, na tangu saa ile nikawa nimepata mwalimu. Ninyi mliokulia kwenye simu huenda hamjui vizuri, basi niseme kwa ufupi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kukutukana hadharani, kukuvua kofia, kuingia jikoni kwako na kula kilichopo, na wewe huna haki ya kununa. Lakini siku ukifiwa, mtani ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote. Wengine wanakuja kulia nawe. Yeye anakuja kuhakikisha hufi pamoja na maiti wako.

Mzee Kondo alinifundisha kila kitu kwa matusi. Siku hizo gurudumu lilikaguliwa kwa nyundo yenye mpini mrefu: unapita kando ya treni, unagonga, unasikiliza. "Gurudumu zima linaitika," alikuwa akisema. "Bovu linanung'unika, kama Mnyamwezi aliyenyimwa michembe yake ya viazi vikavu." Ilinichukua msimu mzima kusikia tofauti, naye hakuchoka kuniuliza kama masikio yangu yalikuja na risiti.

Safari moja tulipata ekseli iliyoshika moto porini, mbele ya Urambo. Abiria walishuka wakanunua asali, wakaimba, mwishoni wakaanza kututukana. Mzee Kondo akanipa uamuzi: behewa liendelee au likatwe. Nikasema likatwe, na watu wahamie mabehewa mengine wabanane. Nilitukanwa kwa lugha zote za mkoa, na nyingine mbili za nchi jirani. Mzee akanipiga begani akasema, "Matusi ya abiria ni mema. Yanatoka kwa walio hai." Kama mtasahau mengine yote niliyoandika, shikeni hilo.

Baba yangu alipofariki, Mzee Kondo alikuja Ntalikwa kwa baiskeli. Nilikuwa nimekaa kama gogo, sili, sisemi, hata machozi yalikuwa yamegoma. Tulipotaka kulitoa jeneza, akatokea ndani amevaa koti la marehemu, anachechemea kama alivyokuwa akichechemea baba, anagomba kwa sauti ya baba kwamba ugali hauna chumvi na kwamba hatoki hapo mpaka apikwe mwingine. Mama yangu, aliyekuwa amekwisha kuishiwa nguvu, aliangua kicheko, kisha kilio, na mimi nikafuata. Baba yangu alizikwa na watu wenye machozi na kicheko usoni kwa pamoja. Sijaona mazishi mazuri zaidi.

Miaka ikapita, nayo siihesabu hapa. Mzee Kondo alistaafu akawa anashinda kibarazani kwake Ng'ambo akiwatukana wapita njia. Mimi nikawa mkaguzi, nikapata wanafunzi wangu, nikawatukana inavyostahili. Mke wangu akatangulia mbele ya haki. Watoto walikuwa wameshatawanyika, mmoja Mwanza, wengine Dar es Salaam. Barua ya kwenda Korea ilipokuja, wakubwa walidhani nitasita kwa sababu ya umri. Nilikubali kabla hawajamaliza kunisomea, maana nyumbani nilikuwa nimeanza kuongea na redio.

Kazi yangu kule ilikuwa kusimama kiwandani kwa niaba ya mnunuzi na kuangalia kama mabehewa yanatengenezwa kama tulivyokubaliana. Nilikwenda na nyundo yangu. Msisubiri niwaambie kwamba ilisikia ufa ambao mashine za Wakorea ziliukosa. Haikusikia kitu. Mashine zao zinaona ndani ya chuma kama daktari anavyoona mtoto tumboni. Nyundo nikaitundika ukutani chumbani kwangu, ikawa pambo.

Mkalimani wetu alikuwa msichana aitwaye Yun, aliyesomea Kiswahili chuo kikuu huko huko kwao. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kimepigwa pasi. Aliniuliza, "Je, Mzee, ungependelea kunywa kahawa ama chai?" nami nikageuka kuangalia kama kuna waziri nyuma yangu. Alijua kwamba mkubwa huamkiwa shikamoo, ila hakuna aliyemwambia kwamba mara moja kwa siku inatosha. Akaniamkia kila tulipokutana, mlangoni, ngazini, hata nikitoka msalani, nami nikaitikia marahaba mpaka koo likakauka.

Mtu niliyefanya naye kazi bega kwa bega alikuwa Kwon, kiongozi wa kikundi cha kufunga magurudumu, cheo ambacho wazee wetu wangekiita nyapara. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa nimezaliwa mwaka gani. Nikadhani ni mambo ya pasi ya getini. Binti Yun akanieleza kwamba Mkorea hawezi kuongea na mtu kabla hajajua nani mkubwa, kwa sababu lugha yao ina ngazi. Kuna maneno ya kumwambia mkubwa na mgeni, na kuna maneno ya kumwambia ndugu na rafiki, na ukikosea ngazi umemtukana mtu bila kutumia tusi. Basi tukalinganisha. Kwon alinizidi mwaka mmoja. Sikumwambia kwamba mwaka wangu ulikadiriwa na mwalimu wa darasa la kwanza kwa kuangalia meno. Nikakubali kuwa mdogo, nikawa namwita hyong, yaani kaka mkubwa.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu upweke wa kule, maana kwenye semina hawatawaambia. Hakuna atakayewafanyia ubaya. Watu ni waungwana, wanakupa kitu kwa mikono miwili, ukipotea wanakupeleka mpaka mlangoni. Ila hawaongei na mtu wasiyemjua. Nilikaa ghorofa ya juu katika jengo refu lenye namba, katikati ya majengo mengine kama hilo, na kwenye lifti tulisimama na majirani tukiangalia namba zinavyobadilika. Mtu pekee jengoni aliyenisemesha ni mama mmoja mlinzi wa takataka, ambaye aliniita kila juma kunionyesha kwamba nimechanganya plastiki na makopo.

Kilichoniumiza zaidi ni treni. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko nilipanda treni kwenda tu, kama mtu wa reli anavyopenda. Behewa lilijaa watu na halikuwa na sauti. Hakuna kuku, hakuna mtoto anayelishwa na mama wa watu, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi na kwa nani. Mimi nimezoea treni ambayo ukipandia Tabora, kabla ya Kaliua umeshachumbiwa mtoto. Nilishuka kituo cha mwisho nikarudi, na siku nzima sikufungua mdomo ila kupiga miayo.

Halafu chakula. Hoteli nyingi za kule hupika chungu kimoja mezani, na ubaoni wameandika kwamba ni kwa watu wawili kwenda juu. Ukiwa peke yako, mwenye hoteli anakutazama kwa huruma na kutikisa kichwa. Nilirudishwa mlangoni mara ya kwanza, mara ya pili, halafu nikaanza kuagiza cha watu wawili na kula vyote. Nilinenepa kwa upweke, vijana. Wenzangu wa nyumbani walipoona picha wakasema Korea imenikubali.

Kwon ndiye aliyenikuta siku moja na chungu cha watu wawili. Alisimama dirishani akaniangalia, akaingia, akavuta kiti, akachukua kijiko cha pili. Hatukuwa na lugha. Tulikula. Siku ya mapumziko iliyofuata akanipeleka kwenye bafu la umma, ambako wanaume wa rika zote wanakaa uchi kama walivyozaliwa, na mkubwa na mdogo wanasuguana migongo kwa kitambaa kikali. Mimi niliyelelewa nisione hata goti la baba mkwe nilitafuta pa kuficha macho nikakosa. Kwon alinisugua mgongo mpaka nikahisi napigwa randa. Tulipotoka aliacha kunisemesha kwa maneno ya mgeni, akaanza kunisemesha kwa yale ya ndugu. Sikuelewa maneno yenyewe, ila nilisikia yamefupika.

Ndipo akanipeleka kwa mama yake, kijijini, mwendo mfupi kutoka mjini. Bibi kizee huyo mgongo ulikuwa umepinda kwa shamba, akitembea ameweka mikono nyuma kama mkaguzi. Uani kwake kulikuwa na vipande vya figili vilivyoanikwa juani, na matunda ya rangi ya chungwa yaliyomenywa na kuning'inizwa kwenye kamba, na mimi nilipoona vile vipande nikafikiri michembe ya kwetu. Nilimwita omoni, yaani mama, kama Kwon alivyomwita.

Omoni alinishika mkono, akalamba kidole gumba, akanisugua nacho juu ya kiganja. Akakiangalia kidole. Akawatangazia wote kwamba haitoki, akacheka.

Kwon aligeuka mwekundu. Binti Yun, aliyekuja kutafsiri, alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mimi moyo wangu uliruka. Tangu nilipotua nchi ile hakuna mtu aliyekuwa amenitania.

"Mwambie," nikamwambia Binti Yun, "hata yeye naona ameoga miaka yote hii na makunyanzi hayajatoka."

"Mzee, naomba radhi, sentensi hiyo siwezi kuitafsiri."

"Itafsiri. Ni amri ya kazi."

Akaitafsiri huku amefumba macho. Omoni alicheka akipiga sakafu kwa kiganja. Akanitia tonge la wali na kabichi ya pilipili mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kubwa kiasi cha kuninyamazisha. Toka siku hiyo, kila nilipopata mapumziko nilikwenda kwake, hata bila Kwon na bila mkalimani. Alinifundisha kupaka kabichi pilipili na kunifukuza jikoni kwamba napaka kama mtu anayeogopa mke. Nilimletea michembe niliyotumiwa na mdogo wangu, akailoweka, akaonja, akasema maneno ambayo naamini yalikuwa na maana ya kwamba kwao hiyo wanampa ng'ombe. Akamaliza yote. Nilikuwa nimepata mtani, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimepata kwetu.

Majira ya baridi yalipoingia, ujumbe ukanifikia nikiwa nimelala chini ya bogi, ile fremu ya magurudumu: Mzee Kondo amefariki, na wameshamzika Ng'ambo siku hiyo hiyo. Niliendelea kukaza boliti. Nilikaza boliti ambazo zilikuwa zimekazwa. Mtani wake nilikuwa mimi. Aliyetakiwa kumzuia mlangoni kwamba haondoki kabla sijamlipa meno ya tembo nilikuwa mimi, na nilikuwa upande mwingine wa dunia nimevaa glavu. Nilimpigia mwanawe kuuliza kama kuna yeyote aliyemtania baba yake. Akasema, "Hapana, kaka. Tulizika kimya." Nililia kwenye choo kinachoongea, nacho kikaendelea kunishukuru.

Siku ya mapumziko nikaenda kwa omoni. Kwon alikuwa juu ya paa anarekebisha kigae. Kwa Kikorea changu cha kuombea maji nilimweleza mama yule kwamba mwalimu wangu amekufa, na kwa kuwa maneno hayakutosha nikasimama nikamwonyesha: hivi ndivyo alivyovaa koti la baba yangu, hivi ndivyo alivyochechemea, hivi ndivyo nilivyotakiwa kumfanyia yeye. Omoni alinitazama bila kupepesa. Alicheka mahali pa kuchekea na akafuta macho mahali pa kulia. Kisha akajionyesha kifuani kwa kidole, akasema sentensi moja.

Sentensi ile nimeibeba mpaka leo. Kikorea kinaweka kukataa kwake mwishoni mwa neno, na omoni alikuwa hana meno ya mbele, na Kwon alikuwa anagonga nyundo juu ya vichwa vyetu. Ama alisema, "Na mimi unifanyie hivyo." Ama alisema, "Mimi usinifanyie hivyo." Nilichosikia mimi ni ombi. Nikamwitikia kwamba sawa.

Alifariki kabla baridi haijaisha. Kule msiba haufanyiki nyumbani, hufanyika hospitalini, kwenye ukumbi maalumu wa chini, na misiba mingine iko milango ya jirani. Kuna picha ya marehemu katikati ya maua meupe. Mwanawe anasimama kwa suti nyeusi na kitambaa cha katani kilichofungwa mkononi. Unatoa rambirambi kwenye bahasha, unainama mpaka chini mara mbili mbele ya picha, unamwinamia na mfiwa mara moja. Halafu unakwenda kukaa na kula mchuzi mwekundu wa nyama. Na huko kwenye kula nikaona wanaume wanakunywa, wanacheza karata, wanapiga kelele, hata kuchekana. Nikapumua. Nikajisemea kumbe wanao watani hawa.

Siku ya kutoa mwili, asubuhi, jeneza lilibebwa kuelekea kwenye basi la kwenda makaburini. Watu walipanga mistari, kimya. Nilimwangalia Kwon. Uso wake ulikuwa kama uso wangu siku ile ya Ntalikwa, gogo tupu. Nikaona mtu huyu atakufa pamoja na maiti wake.

Basi nikatoka kwenye mstari. Nikapinda mgongo, nikaweka mikono nyuma, nikatembea kama omoni mbele ya jeneza, nikasimama mlangoni mwa basi. Kwa sauti yake, na kwa lafudhi yake ya kijijini ambayo ndiyo Kikorea pekee nilichokijua vizuri, nikagomba: hamjala, hakuna kuondoka, mmekonda nyote, kaeni chini mle, siendi popote mpaka kabichi ziishe.

Hakuna aliyecheka. Hapana, nisiseme uongo, kikongwe mmoja wa kijijini kwao alicheka sauti moja kama kikohozi, akajiziba mdomo. Wengine waliganda. Mjomba wake Kwon alikuja akanisukuma, anapiga makelele ambayo hayakuhitaji mkalimani. Binti Yun alikuwa analia. Kwon alimwinamia mjomba wake, tena na tena, akiomba radhi kwa ajili yangu, kisha akanishika mkono akaniweka kando bila kuniangalia. Basi likaondoka. Nikabaki kwenye maegesho ya hospitali na mgongo wangu bado umepinda nusu, maana hata kuunyoosha niliona aibu.

Jumatatu kazini Kwon aliniamkia kwa maneno marefu, yale ya mgeni. Alinipa vipimo kwa mikono miwili. Aliuliza kama ningependa kuthibitisha gurudumu. Hakunifokea, wala hakuninunia. Alikuwa na adabu, na adabu ile ilinikata kuliko kisu. Nilimwomba Binti Yun amweleze habari ya watani. Akasema alijaribu, na kwamba Bwana Kwon alisikiliza mpaka mwisho na kusema ahsante. Mpaka leo watu wananiuliza kama najuta. Sijutii. Mtani wangu aliniomba, au nilisikia ameniomba, na Mzee Kondo nilishamkosa. Ila kutojuta hakumletei mtu mwenzake wa kula naye. Majira yakabadilika mara mbili, nami nikarudia vyungu vya watu wawili.

Kabla ya sikukuu yao ya mavuno, Wakorea huenda makaburini kufyeka majani. Siku moja Kwon alikuja mezani kwangu na Binti Yun, akasema kwa yale maneno marefu kwamba kama nina nafasi, anaomba msaada wa kufyeka. Nikaenda. Kaburi lilikuwa kichuguu cha majani mlimani, juu ya kijiji. Tukafyeka bila kuongea, tukatandika mkeka, tukavua viatu, tukainama. Kisha akakaa akiangalia chini bondeni, akaanza kusema, na Binti Yun akatafsiri taratibu.

Alisema yule kikongwe aliyecheka alimfuata baada ya mazishi. Alimkumbusha kwamba zamani, kabla ya kumbi za hospitali, majirani ndio waliobeba jeneza kwa miguu mpaka mlimani, na walipofika kwenye daraja la kijiji waligoma. Walisema marehemu amechoka, hataki kuvuka, mpaka mtoto wake aje amlipie nauli. Watu wakabishana, wakataniana, mfiwa akalipa huku analia, ndipo wakavuka. Kwon alikuwa mtoto, na aliona baba yake akifanyiwa hivyo siku ya kumzika babu. Alikuwa ameshasahau kabisa.

"Bwana Kwon anasema," alisema Binti Yun, "siku ile ulimkumbusha jambo ambalo hakutaka kukumbushwa."

Nikaona ndio wakati. Nikamwambia habari ya paa na nyundo, na sentensi niliyoisikia, na kwamba sijui kama mama alisema nifanye au nisifanye. Kwon aliniomba niirudie sentensi jinsi nilivyoisikia. Nikairudia. Akaomba tena. Akafikiri sana, mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Anasema, mama alisema usifanye," Binti Yun akatafsiri. "Lakini anasema, mama yake alimwambia usilete nyama, na asipoleta ananuna. Alimwambia usije, barabara mbaya, na asipokuja anaumwa. Anasema mama yake hakuwahi kuomba kitu maishani mwake kwa njia nyingine."

Tulicheka, na kucheka kukamvunja. Alilia kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, kwa sauti, mtu mzima, na mimi nikalia naye, na Binti Yun akakosa cha kutafsiri. Kisha akajifuta, akainuka, akachukua viatu vyangu kwenye ukingo wa mkeka, akashuka navyo mlimani. Nikamwita. Hakugeuka. Akasimama mbali, akaninyooshea kiganja kwamba nilipe nauli. Nikashuka mlima wote ule peku juu ya maganda yenye miiba ya kokwa za miti yao ya mwituni, nikimtukana kwa Kinyamwezi, na yeye akinijibu kwa yale maneno mafupi.

Mabehewa yalipokamilika nilirudi. Nimestaafu, nakaa Ntalikwa, nalima kidogo. Juzi nilikwenda mjini, Mtendeni, kumzika mwenzetu wa karakana, Mnyamwezi. Palikuwa na turubai, spika, mshereheshaji na ratiba. Nilimwona Mzaramo mmoja, kijana, amekaa pembeni na simu. Nikamwuliza mbona hamtanii marehemu. Akanijibu kwa heshima, "Babu, siku hizi watu wanashtaki." Mwenzetu akazikwa kwa ratiba, tukamaliza mapema, nikarudi nyumbani na siku nzima bado imebaki.

Kwon naye amestaafu. Binti Yun ameolewa mji mwingine, hivyo tunapigiana simu ya video bila mkalimani, wazee wawili wenye maneno ya kutosha kununulia chumvi. Mwezi uliopita presha ilinipanda nikalazwa hospitali ya mjini. Alipopiga akaniona kitandani, na mrija mkononi. Akaondoka kwenye kioo. Aliporudi alikuwa na miwani na kikaratasi, na akanisomea Kiswahili, neno moja moja, kwa sauti ya juu iliyojaza wodi:

"Ngoja. Usife. Pasipoti bado."

Nesi alikuja mbio akakuta natikisika.

"Babu, unalia au unacheka?"

"Mtani wangu huyo," nikamwambia. "Yuko njiani."